Anyesi na Mchele Mfupi wa Bahi

Siku ya kwanza Anyesi alipomwona Sista Loreta akikoroga mchele jikoni, alidhani mtawa wa watu ameanza kuchanganyikiwa. Ndiyo kwanza Anyesi alikuwa ameajiriwa katika nyumba ya wageni ya misheni mjini Dodoma. Alikuwa binti wa Kigogo kutoka Bahi, mrefu, mwenye mikono mipana na sauti isiyopanda hata akiudhika. Kwao alifundishwa kupika wali kwa namna moja tu. Mchele unachaguliwa, unaoshwa, unatiwa kwenye maji yanayochemka pamoja na chumvi na mafuta, unafunikwa, unapaliwa makaa juu ya kifuniko, kisha unaachwa upumue wenyewe. Mtoto aliyefunua sufuria kabla ya wakati alichapwa mkono.

Sista Loreta, Mwitaliano mfupi mwenye miwani iliyojaa mvuke, hakuuosha mchele wake kabisa. Aliukaanga mkavu pamoja na vitunguu katika siagi, akaanza kuumwagia supu ya kuku upawa mmoja baada ya mwingine, huku akiukoroga bila kupumzika.

"Sista, wali haukorogwi," Anyesi akamwambia kwa adabu.

"Huu unakorogwa," mtawa akajibu bila kuinua macho. "Shika mwiko."

Anyesi akaushika. Aliposimamia sufuria ile mpaka mwisho, aliona kitu ambacho hakuwahi kukiona: punje zinatoa maziwa yake zenyewe, supu inakuwa nzito kama malai, na bado kila punje ina kiini kigumu kidogo kinachojibu meno. Hakuupenda siku hiyo. Lakini hakuwa mtu wa kuacha jambo kwa sababu hajalipenda bado, na baada ya majuma machache Sista Loreta alikuwa akikaa sebuleni na wageni, jiko zima amemwachia yeye.

Mchele ule wa Kiitaliano ulikuja kwa vifurushi kutoka kwa ndugu za watawa. Ukafika wakati vifurushi vikakatika, na hapo Dodoma hata chumvi ilikuwa ya foleni. Anyesi akaomba ruhusa, akaenda Bahi kwa baba yake, akarudi na mfuko wa mchele wa nyumbani. Mzee Methusela alilima mbegu fupi ya zamani aliyoirithi kwa mama yake, punje nene zisizo na sura, ambazo zikipikwa hushikana. Anyesi alikuwa akizikumbuka kila alipotazama mchele wa Sista. Akaukaanga, akaumwagia supu, akaukoroga. Sista Loreta akaonja kijiko kimoja, akaonja cha pili, akavua miwani.

"Baba yako anao mwingine?" akauliza.

Tangu hapo gunia la Bahi halikukosekana katika ghala ya misheni, na Anyesi akapata tabia iliyomkaa maisha yake yote. Wageni wa nyumba ile walikuwa watu wa kila namna: madaktari, wahandisi, walimu, wachimba visima. Kila mgeni aliyekaa zaidi ya siku chache, Anyesi alimuuliza swali lile lile: kwenu wali mnaupikaje? Aligundua kwamba mtu aliye mbali na nyumbani ukimuuliza habari za siasa atakujibu kwa tahadhari, ila ukimuuliza habari za sufuria ya mama yake atakunja mikono ya shati na kuingia jikoni. Mwalimu mmoja Mghana alimfundisha jolofu, wali unaoivia ndani ya mchuzi wa nyanya na pilipili hadi unakuwa mwekundu mpaka moyoni. Wachina wawili waliokuwa wakichimba visima walicheka walipoona anawapa kuku kiporo cha wali; wakakichukua, wakakikaanga kwa moto mkali na yai na majani ya vitunguu, wakamwonyesha kwamba kwa kazi ile wali wa jana ndio bora kuliko wa leo. Anyesi hakuandika hata neno moja. Aliweka yote mkononi na puani, na vitu alivyoviweka huko havikumpotea.

Akaolewa na Joel, dereva wa shirika moja la umma, mtu mpole wa Mpwapwa aliyependa mambo yaliyonyooka. Wakapata binti, Debora, wakapanga kisha wakajenga Ipagala, wakati ambapo Ipagala ilikuwa mashamba zaidi ya nyumba.

Halafu zikaja nyakati za ruksa, biashara ikaachiwa huru. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu yakajaa. Katika Soko la Majengo ukaingia mchele kutoka Pakistani na Thailandi, mweupe, mrefu, umenyooka kama sindano, ndani ya mifuko yenye picha za tembo na malkia. Watu waliokuwa wamechoka kupanga foleni waliufurahia, na Anyesi mwenyewe aliununua akaupikia pilau, kwa sababu ulikuwa mchele mzuri kwa pilau na hakuona sababu ya kukataa ukweli huo. Lakini Bahi mambo yalikuwa mengine. Wachuuzi waliokuwa wakifika na magari kuchukua mpunga wa Mzee Methusela walianza kupita bila kusimama. Waliosimama waliingiza mkono guniani, wakaviringisha punje viganjani, wakasema mchele wako unashikana, mzee, wateja wa siku hizi wanataka unaochambuka. Magunia yakabaki ghalani msimu baada ya msimu.

Anyesi alipokwenda kumsalimia alimkuta ameketi barazani, jembe amelilaza pembeni. Baada ya shikamoo na habari za watoto, mzee akasema anafikiria kuyaacha majaruba yake ya mpunga, awakodishie wafugaji wapate malisho ya kiangazi. Mpunga haukuwa na mtu tena.

Anyesi akamwambia asikodishe. Alimwambia atauchukua yeye.

Mzee Methusela alimtazama kwa namna wazazi wanavyowatazama watoto wanaotaka kuwafariji, akaitikia tu kwa kichwa.

Mwaka uliofuata shirika la Joel likapunguza wafanyakazi, na jina lake likawa miongoni mwa waliopunguzwa. Alirudi nyumbani na koti lake la kazi limekunjwa kwapani. Anyesi aliupokea ule mkosi, akaukalia siku mbili tatu akiwaza, kisha akamwambia mumewe kwamba na yeye anaacha kazi ya misheni. Sista Loreta alikuwa amekwisha kurudi kwao kwa uzee, jiko limekuwa la watu wengine, na mshahara wake peke yake haungewafikisha popote. Angefungua mgahawa pale pale Ipagala, kwenye ukumbi wa mbele ya nyumba.

"Mama Debora," Joel akasema taratibu, "mimi sina kazi. Wewe ukiacha ya kwako, tutakula nini?"

"Wali," Anyesi akajibu.

Joel akacheka bila kutaka, na alipomaliza kucheka akaenda kutafuta mabati ya kuezekea jiko.

Waliweka meza ndefu na mabenchi, na fundi wa kuandika vibao akawaandikia juu ya mlango: WALI WA DUNIA. Kwa pilau Anyesi alimchukua jirani yake Zaitun, mjane wa Kirangi kutoka Busi, ambaye pilau yake ilinukia mpaka barabarani. Anyesi alikubali waziwazi kwamba Zaitun anamshinda kwa pilau, akamwachia sufuria hiyo pamoja na mchele mrefu wa dukani. Yeye akabaki na magunia ya Bahi.

Miezi ya kwanza pilau ya Zaitun iliisha kabla ya saa nane na sufuria za Anyesi zikabaki nusu. Wateja wao walikuwa makarani, wanafunzi wa vyuo na watumishi wa ofisi waliohamia Dodoma kutoka pande zote za nchi, na wote walilelewa wakijua kwamba wali ulioshikana ni wali ulioharibika. Waliitazama sahani ya wali wa kukorogwa, wakasema bokoboko, wakaomba pilau. Joel alishauri waache hayo mambo ya kigeni, wapike wali maharage kama watu wengine. Zaitun alikaa kimya, lakini kimya chake kilielekea upande wa Joel.

Anyesi hakubishana. Alinunua visosi vidogo, na kila mteja aliyeagiza pilau alipelekewa kisosi kimoja cha kionjo bila kukiomba: leo wali wa Kiitaliano na uyoga, kesho jolofu, keshokutwa kiporo cha Kichina. Hakuwaeleza kitu. Wengine hawakukigusa. Wengine walikigusa kwa sababu kilikuwa cha bure. Baada ya muda kijana mmoja wa chuo akauliza kama kile kitu cha jana cha rangi nyekundu kinapatikana sahani nzima, na Anyesi akampimia kwa utulivu kabisa, kana kwamba alikuwa akimngojea yeye hasa. Mambo yakaanza kusogea, polepole, lakini yakisogea.

Hapo ndipo ikaja mvua ya Elinino.

Mtu wa Dodoma huiomba mvua, haikimbii, lakini mvua ile ilipita kiasi. Anyesi alikuwa amekwenda Bahi kwa lori kuchukua magunia, akimwacha Joel na Zaitun waendeshe mgahawa. Usiku wa kufika kwake maji yakafunga barabara nyuma yake. Asubuhi bonde lote lilikuwa ziwa, na watoto wa Bahi walikuwa wakivua kambale mahali walipokuwa wakichunga mbuzi. Na pale stesheni, katikati ya maji hayo, ilikuwa imesimama treni ya abiria iliyotoka Kigoma. Mbele, kuelekea Dodoma, tuta la reli lilikuwa limeliwa na maji. Nyuma nako, habari zikaja kwamba kumekatika.

Siku ya kwanza abiria walikula vilivyokuwemo katika behewa la chakula na mizigoni mwao. Ya pili wakanunua maziwa na mihogo kwa wanakijiji. Ya tatu vikawa vimekwisha. Unga ulikuwa haba Bahi yenyewe, kwa sababu mashine ya kusaga ilikuwa imeingiwa na maji. Anyesi alikwenda stesheni kuangalia, akapita kando ya mabehewa akiona watoto waliolala mapajani mwa mama zao bila kucheza, na akarudi nyumbani kwa hatua za haraka.

Alimkuta baba yake akihamisha magunia kutoka sakafuni kwenda juu ya uchaga, maji yasiyafikie. Akamwambia anauhitaji mpunga wote. Mzee akauliza wote kwa maana ya wote? Anyesi akasema wote isipokuwa mbegu. Mzee Methusela akasimama kidogo, gunia begani. Kisha akalishusha.

"Kihenge cha mbegu usikiguse," akasema. "Hayo mengine ita wanawake watwange."

Vinu vikaanza kulia nyumba baada ya nyumba. Mkuu wa stesheni, Batholomeo, mtu aliyekuwa hajalala vizuri tangu treni isimame, alipoelezwa kwamba kuna mama anataka kulisha treni nzima, aliitikia hata kabla ya maelezo kwisha. Akafungua tangi la maji ya stesheni na bohari tupu yenye paa zima ya kupikia. Wanawake wakaleta mapipa yao ya kupikia pombe, wakayasugua kwa mchanga na majivu mpaka yakang'aa. Kuni kavu zikatoka darini kwa watu. Abiria mmoja, Ebenezer, mtumishi wa ofisi za Bunge aliyekuwa anarudi kutoka msibani Tabora, akavua viatu vyake vyeusi, akapanga vijana wa behewani kwenye mstari wa kupokezana ndoo, na yeye mwenyewe akasimama kwenye matope mwanzoni mwa mstari huo.

Anyesi akautazama mchele uliotoka vinuni. Mfupi, mnene, nusu yake umevunjika. Ungeupika wa kuchambuka katika pipa, chini ungeungua na juu ungebaki mbichi. Akachemsha kambale wa kukausha wakatoa supu nzito, akakaanga mchele na vitunguu, akamwaga supu, akakoroga. Alikoroga kwa mti wa kusongea ugali, kwa mikono miwili, na mama wawili wa Kigogo wakakoroga mapipa mengine huku wakimfuatisha.

Wa kwanza kupakuliwa walikuwa watoto. Katika watu wazima, wa mbele alikuwa Masudi, mfanyabiashara wa mawese na dagaa kutoka Ujiji, mwenye kanzu iliyokuwa nyeupe alipopanda treni. Akaitazama sahani yake kwa muda.

"Dada yangu," akasema kwa sauti ya watu wote kusikia, "mimi nina njaa, lakini kweli niseme. Kwetu bibi harusi akipika wali namna hii, anarudishwa kwao."

Watu wakageuka kumtazama Anyesi. Yeye akafuta uso kwa upande wa kanga.

"Kula kwanza," akamwambia. "Ukishiba, unirudishe. Kwetu ni hapo nyuma ya stesheni."

Kicheko kilipita kwenye mstari behewa hadi behewa, cha kwanza tangu treni isimame. Masudi akala. Alirudi na sahani tupu, akaipokea ya pili bila kutoa hoja yoyote kuhusu bibi harusi.

Kesho yake jiko la bohari lilikuwa limepata wenyeji wapya. Anyesi alikuwa amewauliza lile swali lake la siku zote, nao wakaja. Mama Gulbanu, Mhindi wa Tabora mwenye nywele nyeupe, aliyekuwa akienda kwa binti yake Dar es Salaam, alifungua kikapu chake akatoa choroko na binzari. Alichovya vidole katika ungo wa mchele, akaunusa, akasema kwa Kiswahili cha Tabora kilichonyooka kwamba mchele kama huu ndio bibi yake aliokuwa akiutafuta kwa ajili ya kichri, na kwamba mrefu wa siku hizi hauivi pamoja na choroko, unajitenga. Wakavipika pamoja hadi vikawa kitu kimoja, cha njano, laini, na samli ya Bahi juu yake. Sista Korazoni, mtawa wa Kifilipino wa zahanati moja huko Kasulu, yeye aliomba kuku, tangawizi na pipa dogo. Alikuwa na wasiwasi na watoto walioanza kuharisha. Akautokosa mchele katika maji mengi ya kuku na tangawizi hadi punje zikafunguka na kuyeyuka, uji mzito wa chumvi ambao kwao huitwa lugao na hupewa wagonjwa na watu waliolowa mvua. Anyesi alikaa karibu naye akikoroga na kuuliza: tangawizi inaingia lini, mbona hujafunika, ungekosa kuku ungetia nini. Mtoto mmoja wa behewa la daraja la tatu, ambaye tangu jana yake hakuwa amekubali kitu mdomoni, aliunywa bakuli zima, na mama yake akakaa chini sakafuni pale pale akifunika uso wake kwa mikono.

Hata Masudi alikuja, amebeba dumu la mawese begani. Alisema haiwezekani watu wa nchi zote wapike na Ujiji ikae inatazama. Akakunja kanzu, akapika wali wa mawese na dagaa, na Anyesi akauonja na kumwambia chumvi imezidi kidogo ila mkono wake ni mzuri.

Mzee Methusela alifika kila siku na magunia juu ya punda. Mwanzoni alishusha mzigo akaondoka. Baadaye akaanza kubaki, amesimama mlangoni mwa bohari, fimbo mkononi, akitazama watu wanavyokula. Alimwona Mhindi akilamba kidole. Aliona kijana wa Kirundi akikwangua pipa. Siku moja Mama Gulbanu alimwendea, akamwamkia, akamwomba shida hii ikiisha amuuzie mchele wa kupeleka Dar es Salaam, usiosuguliwa kwa mashine, ule ule mfupi. Mzee alimtazama binti yake.

Jioni hiyo, wakati wanawake wakiosha mapipa, akamwita Anyesi pembeni.

"Miaka hii yote ulipokuwa unakuja kuchukua mchele wangu," akasema, "mimi nilijua unanionea huruma. Nilikuwa naupokea msaada wako, lakini moyoni ulikuwa unaniuma."

Anyesi hakuwa amelijua hilo. Alitafuta neno lisilo na sukari, kwa sababu baba yake alikuwa mtu wa kutambua sukari mara moja.

"Baba, mimi sipiki huruma," akamwambia. "Huruma haiivi. Kama mchele wako ungekuwa haufai, ningekuletea sukari na majani ya chai kama watoto wengine, na mchele ningenunua Majengo. Nauchukua kwa sababu kuna vyakula ambavyo bila huo siwezi."

Mzee Methusela akaipigapiga ardhi kwa fimbo yake, taratibu, kama anayepima kama imekauka. Kisha akauliza kichri kinapikwaje, na Anyesi akamweleza tangu mwanzo hadi mwisho.

Mafundi wa reli walifika kwa kiberenge, wakajaza kokoto na magogo, na hatimaye treni ikapiga honi. Abiria waliwaaga wanakijiji kama ndugu. Wengi waliacha walichoweza: shuka, sabuni, chumvi, dumu la mawese lililobaki nusu. Mama Gulbanu aliondoka na gunia lake. Masudi alichungulia dirishani akapaza sauti kwamba amebadili nia, hamrudishi tena, na Batholomeo akapeperusha bendera ya kijani.

Msimu ule Mzee Methusela hakukodisha majaruba. Aliyapanda yote, na majirani zake wawili waliokuwa wameihama mbegu fupi wakaja kumwomba mbegu. Mchele wa Bahi haukuupindua mchele wa Pakistani sokoni, wala hakuna aliyetegemea hivyo. Ulipata watu wake: familia za Kihindi za mjini zilizosikia kwa Mama Gulbanu, masista, na Anyesi, ambaye sasa aliuhitaji kuliko wote.

Maana Ebenezer hakuisahau ile bohari. Mwaka uliofuata ofisi yake ilipotafuta wa kupikia wageni wa mkutano waliokuja Dodoma kutoka nchi nyingi, alikwenda Ipagala akiwa na viatu vyake vyeusi vimeng'arishwa, akauliza kama Mama Debora anaweza kuwalisha watu hao siku zote za mkutano bila kurudia wali. Joel, aliyekuwa akifunga gurudumu la baiskeli ukumbini, aliacha kazi yake kusikiliza jibu. Anyesi akauliza tu wageni wanatoka wapi na wapi. Alipotajiwa, akaanza kuhesabu sufuria kichwani, na Zaitun akaenda kununua iliki.

Mkutano ukapita vizuri. Joel akawa msimamizi wa ugavi, na hakuna aliyemsikia tena akitaja wali maharage kama suluhisho. Ukumbi ukaongezwa, jiko likajengwa kwa matofali ya kuchoma, wasichana wakaajiriwa. Debora alikua akijua majina ya vyakula kabla ya kujua majina ya nchi zake.

Miongoni mwa wageni waliobaki Dodoma baada ya hapo alikuwa mtaalamu wa mifereji, Mwajemi mmoja mwenye mashavu ya huzuni, aliyekuja kula kila Jumamosi. Anyesi alipomuuliza swali lake, alijibu kwamba kwao kitu kinachogombewa mezani ni ukoko. Zaitun alidhani amekosea neno. Mwajemi akasisitiza: ukoko wa chini ya sufuria, wa dhahabu, mgumu kama biskuti, ambao mgeni wa heshima hupewa kwanza. Anyesi alisikiliza kwa makini makubwa. Huo ulitaka mchele mrefu, kwa hiyo akautoa mrefu, akauloweka, akauchemsha nusu, akauchuja, akapaka chini ya sufuria mafuta na mtindi, akarudisha mchele, akafunga kifuniko kwa kitambaa, akauacha juu ya moto mdogo.

Wa kwanza uliungua ukawa mkaa. Wa pili uligoma kutoka. Wa tatu ulitoka ukiwa mweupe, laini, hauna kitu. Zaitun akasema pengine moto wa mkaa hauwezi kazi ile. Anyesi akasema moto ni moto, ila yeye bado hajaelewana nao.

Jumamosi ya nne, saa saba mchana, ukumbi ukiwa umejaa, alitoka jikoni na sufuria imefunikwa kwa sinia kubwa. Akasimama mbele ya meza ya Mwajemi. Joel aliacha kupokea pesa, Zaitun akasimama mlangoni na upawa wake. Anyesi akashika sinia na sufuria kwa mikono yote miwili, akavuta pumzi, akageuza. Akainua sufuria.

Ukoko ulitoka mzima, wa mviringo, wa rangi ya asali, isipokuwa kipande kimoja cha ukubwa wa kiganja kilichobaki kimeng'ang'ania chini. Anyesi akakibandua kwa mwiko, akakiweka mahali pake, akakibana kidogo kama fundi anayeziba ufa ukutani, akalisogeza sinia mbele ya mgeni.

Mwajemi akauvunja kwa vidole, akatafuna, ukumbi mzima ukisikia ule mlio. Akafumba macho. Alipoyafumbua alisema ni mzuri, mzuri sana kweli, ila kwa mama yake ulikuwa mwembamba kuliko huu.

"Mwembamba kiasi gani?" Anyesi akauliza.

Yule bwana akainua kidole gumba na cha shahada, akavisogeza karibu karibu. Anyesi akainama, akaitazama nafasi iliyobaki katikati ya vidole hivyo hadi alipotosheka, kisha akarudi jikoni.